Gemu ya kwanza ya Kenya, mara ya ngapi?

Nimepotea, najua. Nilikuwa namalizia gemu yangu, na leo sitaandika juu ya hifadhidata wala mambo ya seva. Leo ni historia, tena historia niliyoitafuta baada ya kupata aibu, kwa hiyo nianze na hiyo aibu.

Hapa kwetu Minjila, karibu na njia panda ambapo barabara ya Lamu inaachana na ile ya Garissa, kuna kibanda cha PlayStation. Runinga mbili, benchi, na vijana wanaocheza FIFA mpaka umeme upotee. Gemu yangu nilianza kuiandika mwishoni mwa 2023, wakati mafuriko ya Tana yalipokata barabara ya Lamu na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Ni gemu ndogo ya simu: una mashua, maji yanapanda, unavusha watu, mbuzi na magunia ya maembe kabla ya giza. Basi. Lakini mimi, kabla hata sijaimaliza, nikawa napita pale kibandani kila jioni nikijitapa, "Subirini, naleta GTA ya Tana River!"

Siku ilipofika nikaiweka kwenye simu ya kijana mmoja. Akacheza kama dakika mbili hivi, akanitazama.

"Kaka, gari iko wapi?"

"Hakuna gari. Kuna mashua."

"Sasa GTA gani haina gari?"

Akarudi kwenye FIFA yake. Wala hakukosea. Gemu ile ile, kama ningemwambia "hebu jaribu kuvusha hawa mbuzi," pengine angecheza nusu saa. Nililala nikiwaza, na asubuhi nikaanza kusoma juu ya waliotangulia.

Turudi 2007. Mwaka huo Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu ya kompyuta inayoitwa The Adventures of Nyangi. Mhusika wake ni mwanamke anayezunguka kutafuta vitu vya kale vya Kiafrika, na wengi wakamfananisha na Lara Croft wa Tomb Raider. Hutajwa kati ya gemu za mwanzo kabisa za 3D kutoka upande wetu huu wa Afrika. Sasa hebu fikiria mazingira. M-Pesa ilizinduliwa Machi mwaka huo huo. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa hazijafika Mombasa, hizo zilikuja 2009. Duka la Android lilifunguliwa 2008. Mtu umetengeneza gemu kamili, lakini duka la kuiweka hakuna, njia ya kulipwa ndiyo kwanza inazaliwa, na mteja wako akitaka kuipakua atalala kwenye saiba. Katika hali hiyo ulichoweza kusambaza kwa urahisi ni habari ya gemu, na habari yenyewe ilikuwa na maneno mawili: "ya kwanza". Kirinya hakukata tamaa. Mwaka 2009 alianzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, wakageukia simu na vichekesho vya kuchora.

Halafu kukaja Ma3Racer, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kutoka kwa Planet Rackus ya Nairobi. Hii naipenda kuizungumzia. Unaendesha matatu. Ni hivyo tu! Ilikuwa ya simu za Nokia, na ilipakuliwa mara mamia ya maelfu, nyingi zikiwa nje ya Kenya. Angalia jinsi ahadi yake ilivyokaa sawa na mkono wa mchezaji. Mtu amekaa ndani ya matatu halisi, foleni haisogei, ana Nokia mfukoni. Jina limeshamwambia kila kitu. Na akiilinganisha na gemu nyingine, atailinganisha na nini? Na ile ya nyoka! Ukishindana na nyoka wa Nokia, una nafasi.

Mwaka 2015 ikaja Nairobi X. Mimi nilikuwa bado shuleni, na kionjo chake nilikiona kwenye simu ya rafiki, tukakirudia mara nne tano. Viumbe kutoka sayari nyingine wanavamia Nairobi, na wewe umeshika bunduki katikati ya jiji. Aliyeongoza kazi hiyo ni Andrew Kaggia, na kampuni yake Black Division Games. Kaggia alikuwa na jina tayari, kwa sababu ya filamu fupi ya katuni, Wageuzi, iliyowageuza wanasiasa wetu kuwa magari-roboti yanayoshindania urais wa 2012. (Uchaguzi wenyewe ukaja kufanyika Machi 2013, kwa hiyo hata katuni ilikutwa na yale yale ya tarehe za uzinduzi.)

Nairobi X nayo ikatangazwa kama ya kwanza: gemu ya kwanza ya Kenya ya kufyatua risasi katika 3D. Maelezo hayo ni marefu, na ukiyapitisha kwa waandishi wa habari wawili watatu yanabaki "gemu ya kwanza ya Kenya". Nyangi wa 2007 akasahaulika njiani.

Mimi simlaumu Kaggia hata kidogo. Kama huna pesa ya matangazo, neno "kwanza" ndilo tangazo la bure. Mwandishi wa habari atakuja. Lakini kwa mtazamo wangu neno hilo lina madhara mawili. Kwanza, anayelisoma anajivunia nchi yake, anasambaza habari kwa marafiki, na hapo anaona kazi yake imekwisha. Fahari imeshashiba, hamu ya kucheza haijaamshwa. Pili, ukisema "ya kufyatua risasi katika 3D" umejipeleka mwenyewe kwenye rafu ya Call of Duty. Na rafu ile ina bei yake. Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 iliripotiwa kugharimu dola milioni 40 hadi 50 kuitengeneza, lakini ukijumlisha matangazo na usambazaji ikafika milioni 200. Yaani kelele zilikula pesa kuliko gemu! Na mwaka ule ule wa Nairobi X, Mei 2015, Wapolandi wa CD Projekt walitoa The Witcher 3 iliyowagharimu dola milioni 81 pamoja na matangazo, karibu shilingi bilioni 8 kwa bei ya dola ya wakati ule. Kijana aliyeshika padi hajui bajeti ya mtu. Anajua kwamba jana aliona mvua inanyesha vizuri kwenye gemu moja, na leo hii nyingine mvua haina.

Wakubwa nao huungua, msidhani ni sisi tu. Krismasi ya 1982 Atari waliharakisha gemu ya E.T. wakitegemea umaarufu wa filamu. Mtengenezaji, Howard Scott Warshaw, alipewa kama wiki tano. Wakachapisha kaseti kwa mamilioni, nyingi hazikuuzwa, na sehemu ya mzigo ikafukiwa jangwani New Mexico. Aprili 2014 watu walikwenda wakazifukua, wakazikuta.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha No Man's Sky, maana Hello Games walikuwa kikundi kidogo cha Waingereza. Kiongozi wao, Sean Murray, alikuwa akiulizwa kwenye mahojiano, je, wachezaji wataweza kukutana? Alijibu ndiyo, ingawa ni nadra kwa sababu ulimwengu wa gemu ni mkubwa mno. Agosti 2016 gemu ikatoka, na mara moja wachezaji wawili wakafika mahali pamoja, wakasimama, wasionane. Matusi yaliyofuata sitayaandika hapa. Kampuni ikanyamaza miezi, ikafanya kazi, na Julai 2018 ikaleta toleo ambalo watu kweli walikutana.

Wengi husimulia kisa hicho kama habari njema ya toba. Mimi nikakisoma kwa jicho la mfukoni: ni zile ahadi zilizouza nakala nyingi siku ya kwanza, na pesa hiyo ndiyo iliyolipa miaka miwili ya kurekebisha. Je, mimi? Kompyuta ninayotumia ilinunuliwa kwa mkopo kutoka kwa mama mdogo wangu, pesa za maembe yake, na kila nikipita kwake ananiuliza gemu inatoka lini. Nikivunja ahadi siku ya kwanza, sina miaka miwili. Labda nina wiki mbili kabla kijana wa kibandani hajafuta gemu kwenye simu yake apate nafasi ya picha.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. Kwa mama mdogo nimekwenda nikamwambia ukweli kwamba tarehe niliyomtajia haiwezekani. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nimekula.

La pili, yale maelezo ya dukani niliyokuwa nimeandaa nimeyafuta. GTA imetoka, "ya kwanza kutoka Tana River" imetoka, japo hii ya pili iliniuma. Nimeandika: "Maji yanapanda. Una mashua moja. Vusha watu na mbuzi kabla ya giza." Picha tatu, zote za gemu yenyewe inavyoonekana kwenye simu ya kawaida.

Juzi nikarudi kibandani kwa kijana yule yule. Nikampa simu bila kusema neno. Umeme ulikuwa umepotea, kwa hiyo hakuwa na FIFA ya kukimbilia. Alicheza mpaka betri ikabaki asilimia sita.

"Kaka," akaniambia, "hawa mbuzi mbona wakiruka kutoka mashuani wanatembea juu ya maji?"

Ndiyo ninayoyarekebisha usiku huu.