Tathmini ya Ubora wa Huduma Shufaa: Istilahi na Kipimo Chake

Kliniki ya kifua kikuu ikitaka kuonyesha kazi yake, huhesabu waliomaliza dawa na makohozi yao yakakutwa hayana vimelea. Wodi ya wazazi huhesabu akina mama waliorudi nyumbani salama na watoto wao. Hospisi haina hesabu ya namna hiyo. Wengi wa inaowahudumia watafariki, baadhi yao ndani ya wiki chache, na kifo chao si dalili kwamba muuguzi ameshindwa kazi. Basi mganga mkuu wa wilaya, mfadhili, au kijana anayemtafutia mama yake mahali pa kuhudumiwa atajuaje kwamba hospisi fulani ni bora? Jibu huanzia kwenye istilahi. Asiyeielewa huduma yenyewe atapima kitu kingine, kisha atatoa hukumu kwa kujiamini.

Shufaa si shifaa

Nchini Tanzania istilahi iliyozoeleka hospitalini na wizarani ni huduma shufaa, au tiba shufaa. Maana yake ni huduma anayopewa mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai, pamoja na familia yake, ili kuwaondolea maumivu na dhiki nyingine za mwili, nafsi, jamii na roho. Huduma hii haingoji siku za mwisho. Inaweza kuanza siku ugonjwa unapogunduliwa na kwenda sambamba na matibabu mengine.

Watu wengi, wakiwemo watumishi wa afya, hulisikia neno hili kama shifaa. Shifaa ni uponyaji, na mzizi wake ni mwingine. Shufaa ni uombezi: mtu kusimama upande wa mwenzake aliye katika hali ngumu. Katika Kiarabu mzizi huo ndio uliozaa pia neno shufwa, ambalo wanaosali usiku hulijua kwa kulipambanisha na witiri. Witiri ni moja isiyo na mwenzake. Shufwa ni moja iliyoongezewa ya pili. Katika maana ya asili, basi, anayemfanyia mtu shufaa humtoa katika upweke: aliyekuwa peke yake sasa wako wawili.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kitandani pa mgonjwa. Familia iliyosikia shifaa huja ikitarajia kupona, na mgonjwa akifariki huhisi imedanganywa. Iliyoelewa shufaa inajua imeahidiwa nini, nayo ina haki ya kudai ahadi hiyo. Wako wanaopenda kusema huduma ya kutuliza maumivu, na ni maneno mepesi kueleweka, lakini yanataja sehemu moja tu ya kazi. Hayamtaji mke anayelala macho, wala mtoto aliyeacha shule ili amuuguze baba yake.

Kiingereza nacho kilipitia utata wake. Neno palliative limetokana na Kilatini pallium, yaani joho, kitu cha kumfunika mtu. Aliyelishika kuwa jina la huduma hii ni Balfour Mount, daktari wa upasuaji wa Kanada, katika Hospitali ya Royal Victoria mjini Montreal miaka ya 1970. Alihitaji jina jingine kwa kuwa wasemaji wa Kifaransa wa mji ule waliposikia neno hospice walifikiria nyumba ya kutunzia maskini.

Hospisi si lazima iwe jengo

Hospisi ya kisasa ilianzishwa na Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Alikuwa amepitia uuguzi na ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari, na ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita maumivu ya pande zote. Barani Afrika Island Hospice ilianza Harare mwaka 1979, Nairobi Hospice ikafuata mwaka 1990, na mwaka 1993 Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Tanzania ina Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na hospitali kama Selian mkoani Arusha, ambayo kwa miaka mingi imewafuata wagonjwa wa huduma shufaa hadi majumbani.

Sehemu kubwa ya kazi hii katika nchi zetu hufanyika nyumbani kwa mgonjwa. Hospisi ndogo inaweza kuwa chumba kimoja chenye kabati la dawa linalofungwa kwa ufunguo, wauguzi wawili au watatu, tabibu anayekuja kwa zamu, pikipiki, na wahudumu wa kujitolea vijijini. Mkaguzi anayeingia na kuuliza idadi ya vitanda ameanza vibaya. Hospisi ni watu, utaratibu wao na dawa zao, popote mgonjwa alipo.

Nyenzo, utendaji, matokeo

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut na kufundisha Marekani, aliandika makala iliyogawa tathmini ya ubora wa tiba katika sehemu tatu, na mgawanyo wake bado unatumika duniani kote. Kwa Kiswahili sehemu ya kwanza mara nyingi huitwa muundo, neno linalomfanya msomaji afikirie mchoro wa vyeo. Donabedian alikusudia vile huduma inavyovitegemea: watu, mafunzo, dawa, vifaa, fedha, sheria. Nyenzo linafaa zaidi. Sehemu ya pili ni utendaji, yaani kile hasa anachofanyiwa mgonjwa. Ya tatu ni matokeo, yaani hali ya mgonjwa na jamaa zake baada ya kufanyiwa hayo.

Tukianza na nyenzo, swali la kwanza ni mofini ya kunywa. Ni dawa ya bei nafuu, unga unaochanganywa na maji, na kwa maumivu makali ya saratani haina mbadala rahisi. Dozi moja hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo kabati likikaa tupu siku moja mgonjwa hupata siku nzima ya mateso. Kiashiria kizuri cha nyenzo ni kuuliza: mwaka jana mofini ilikosekana siku ngapi? Daftari la dawa zinazodhibitiwa litajibu. Swali la pili ni nani ana ruhusa ya kuiandika. Uganda mwaka 2004 ilirekebisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya huduma shufaa waweze kuandika mofini, kwa kuwa kumsubiri daktari vijijini kulikuwa sawa na kumnyima mgonjwa dawa.

Utendaji husomwa kwenye mafaili. Je, maumivu yalipimwa na kuandikwa katika ziara ya kwanza? Aliyeanzishiwa mofini alipewa pia dawa ya kulainisha choo? Mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, na mgonjwa aliyekaa wiki bila kwenda haja huiacha dawa kwa hofu. Mama mwenye kidonda cha saratani ya titi kinachotoa harufu alipewa metronidazoli ya kusaga na kunyunyiza juu yake, kisha majirani wakaanza tena kuingia chumbani kwake? Aliyetaka kuambiwa ukweli wa ugonjwa wake aliambiwa? Familia ilifundishwa kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongo? Na saa nane ya usiku simu ikilia, nani huipokea? Haya yote hukaguliwa bila mashine yoyote. Hospisi ndogo inaweza kuchukua mafaili yake yote ya miezi sita na kuyapitia kwa siku moja, jambo ambalo hospitali kubwa hailiwezi.

Neno linaloharibiwa zaidi katika ripoti zetu ni matokeo. Chini ya kichwa hicho huorodheshwa ziara zilizofanyika, semina zilizoendeshwa na chupa zilizogawiwa. Hayo ni mambo yaliyotendwa, na mahali pake ni chini ya utendaji. Tokeo ni kwamba aliyekuwa halali sasa analala.

Vidole vya mkono

Chombo cha kupimia matokeo kwa mazingira yetu kipo. Jumuiya ya Huduma Shufaa ya Afrika, yenye makao yake Kampala, ilitengeneza kipimo chenye maswali 10: saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza. Mgonjwa huulizwa juu ya siku tatu zilizopita: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumweleza mtu yaliyomo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama amesaidiwa kupanga mambo ya familia yake. Anayeuguza huulizwa kama amepewa maelezo ya kutosha, kama anajiamini katika kuuguza, na kama ana hofu. Kila jibu ni kati ya 0 na 5, na asiyejua kusoma anaweza kujibu kwa mkono: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni kikomo. Maswali hayasomwi upande mmoja. Vidole vitano vya maumivu ni habari mbaya, vidole vitano vya amani ni habari njema. Anayejumlisha tu bila kugeuza alama atapata tarakimu isiyo na maana.

Lugha yetu ina mtego wake hapa. Muuguzi akiingia na kusema, “Shikamoo, bibi. Hujambo?” atajibiwa, “Marahaba. Sijambo, mwanangu.” Bibi hakudanganya, ameitikia salamu kama adabu inavyotaka. Lakini wako wanaoandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Salamu na zimalizike, watu wakae, kisha swali lije peke yake: “Bibi, tangu juzi maumivu yamekuwa vidole vingapi?” Mara nyingi yule yule aliyesema hajambo huinua vinne.

Ugumu mwingine ni wa muulizaji. Katika hospisi ndogo muuguzi anayetoa huduma ndiye pia anayeuliza kama huduma ni nzuri, na mgonjwa hatamvunjia heshima mtu aliyepanda mlima kumletea dawa. Dawa yake ni kubadilishana: hospisi mbili za jirani ziulizie kila moja wagonjwa wa mwenzake. Wafiwa nao waulizwe, kwa wakati wake. Si katikati ya matanga. Mahali wanapoadhimisha arobaini, baada ya arobaini ni wakati unaofaa, watu wakiwa wameweza kukaa na kukumbuka.

Uchache wa wagonjwa

Hospisi ndogo ina tatizo ambalo asilimia hulificha. Chukua hospisi iliyohudumia wagonjwa 12 katika miezi mitatu. Ikiwa tisa walipata nafuu ya maumivu ndani ya siku tatu, hiyo ni asilimia 75. Wakiwa 10, ni asilimia 83. Mgonjwa mmoja, ambaye pengine alifikishwa akiwa na siku mbili za kuishi, amehamisha ripoti nzima. Kuipanga hospisi hiyo kwenye orodha ya bora na hafifu kwa tarakimu kama hizo ni kuidhulumu, na ni kuwapotosha wanaotafuta huduma.

Marekani, ambako bima ya serikali ya wazee imelipia hospisi tangu miaka ya 1980, imelazimika kulikubali jambo hili. Wafiwa huko hutumiwa dodoso kuhusu huduma aliyopata marehemu wao, lakini hospisi yenye wafiwa wanaostahili kuulizwa wasiofika 50 kwa mwaka inaweza kuomba kusamehewa. Uamuzi huo una haki kitakwimu, ila una gharama: hospisi ndogo hubaki bila kutazamwa, na anayechagua hana cha kusoma.

Kusamehe kusiwe mwisho wa njia. Uchache unaozuia asilimia unafungua mlango wa tathmini nyingine, ya kumchunguza kila mmoja. Hospisi ya wagonjwa 12 inaweza kukaa na kupitia vifo vyote 12: mgonjwa alifikaje, maumivu yalikuwa vidole vingapi siku ya kwanza na siku ya tatu, nani alikuwa naye, nini kilichelewa, familia inasema nini. Kiashiria chake kiandikwe kwa watu, si kwa asilimia: kati ya 12, watatu hawakupata nafuu, na hizi ndizo sababu. Ripoti ya namna hiyo humwambia mfadhili na mganga mkuu mengi kuliko asilimia 75. Mwaka hadi mwaka mafaili yakiongezeka, tarakimu nazo zitaanza kuaminika.

Maana ninayoipendekeza

Tathmini na thamani ni maneno ya mzizi mmoja. Kutathmini ni kutambua kitu kina thamani gani, na thamani ya huduma shufaa haiko kwenye jengo wala kwenye idadi ya ziara. Kwa hiyo napendekeza istilahi hii ielezwe hivi: tathmini ya ubora wa huduma shufaa ni uchunguzi wa kama mgonjwa na familia yake hawakuachwa peke yao na maumivu ya pande zote, kwa kukagua nyenzo zilizokuwepo, utendaji uliofanyika na matokeo waliyoyaeleza wenyewe.

Hospisi ndogo isiyo na mtaalamu wa takwimu inaweza kuanza na mambo manne: ihesabu siku mofini ilipokosekana, ihakikishe kila aliyeanzishiwa mofini amepata dawa ya choo, ipime maumivu kwa vidole siku ya kwanza na ya tatu, na izungumze na kila familia iliyofiwa. Inayoyafanya hayo na kuyaonyesha hadharani, yakiwemo yale iliyoshindwa, inastahili fedha na imani kuliko jengo zuri lenye kabati tupu. Wizara na wafadhili waandike fomu zao kwa maana hii, kwa Kiswahili ambacho muuguzi wa zahanati anakielewa, kwa sababu yeye ndiye atakayeijaza.