Kioo cha mbele cha pikipiki: chukua kipi?

Haya wandugu, leo siasa tuiweke kando kidogo. Kuna jamaa yangu yuko Ohio, Marekani, ana Gold Wing ya zamani, GL1100 Interstate, yale mapikipiki makubwa ya safari ndefu. Kioo chake cha mbele kimechoka, mikwaruzo mitupu. Usiku wa mvua, taa za malori yanayokuja zinatawanyika kwenye mikwaruzo ile na barabara haionekani. Ameonyeshwa vioo viwili vinavyofanana kama mapacha, bei mbalimbali, akaniuliza achukue kipi. Kwa nini amuulize mwandishi badala ya fundi, mwulizeni yeye. Mimi nikaanza kuchimba.

Kwanza, "kioo" tunasema kwa mazoea tu. Ni plastiki. Mwaka 1933 Mjerumani Otto Röhm alisajili jina la Plexiglas kwa akriliki yake, na Vita Kuu ya Pili ilipofika, marubani wa ndege za kivita wakawa wanachungulia nje kupitia plastiki hiyo. Ni angavu na haikwaruziki ovyo, ila jiwe likiipata sawasawa inapasuka. Kisha mwaka 1953 Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, wakagundua polikaboneti, kila mtu kivyake! Hii ni ngumu kuvunja kwelikweli. Kofia za wanaanga wa Apollo zilitengenezwa kwayo. Udhaifu wake ni ngozi laini. Isipopakwa tabaka gumu juu, ukiifuta vumbi kwa kitambaa kikavu tu umeshaichora. Petroli inaiharibu, na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia vilevile. Kwa hiyo nilimwambia jamaa: ukiambiwa ni polikaboneti, uliza kama imepakwa. Kama haikupakwa, mwakani utakuwa unatafuta kingine.

Lakini kwangu mimi kimo ni jambo kubwa kuliko plastiki yenyewe, na hapa ndipo anapoingia Craig Vetter wa Illinois. Vioo vingi vya zamani vilifungwa kwenye usukani, upepo ukikisukuma kioo nao usukani unasukumwa. Mwaka 1971 Vetter alitoa Windjammer, ngao kubwa yenye kioo chake, inayofungwa kwenye fremu na kuingia pikipiki za kampuni nyingi. Gold Wing ilipotoka miaka ile ya sabini haikuwa na ngao yoyote, wenyewe wakawa wanazifungia Windjammer. Honda waliliona soko hilo, na mwaka 1980 wakatoa Interstate yenye ngao ya kiwandani. BMW walishawatangulia mwaka 1976 kwa R100RS, ambayo umbo lake lilipimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina, Italia.

Vipimo vyote hivyo vya nini? Upepo ukivuka ukingo wa juu wa kioo unakatikakatika. Kioo kikiwa kifupi kiasi cha kati, vurugu hiyo inatua kwenye helmeti: kichwa kinatikisika, kelele haziishi, na masikio yanaumia polepole kwa miaka. Kikiwa kirefu mno, nyuma yake hewa inapungua, upepo na mvua vinakurudia mgongoni. Ndiyo maana vingine vina tundu la kupitisha hewa chini. Tena kirefu kinakulazimisha utazame kupitia plastiki, na usiku wa mvua ndio ule ule ugonjwa wa taa za malori, hata kikiwa kipya.

Waendeshaji wa safari ndefu wengi hutaka ukingo uwe usawa wa pua, macho yapite juu yake. Pua ya nani? Yako, ukiwa umekaa kwenye siti yako, umevaa helmeti yako, na mgongo umelegea kama baada ya saa tatu za barabara. Kabla ya kulipa, bandika kipande cha boksi kwenye kioo cha zamani, pikipiki ikiwa imesimama, upandishe na kushusha mpaka upate kimo, kisha pima kwa futi. Namba hiyo ndiyo ya kumpelekea muuzaji.