Njia za Chagaik: Bustani ya Miti Katika Nchi ya Chai

Barabara kuu ya Nakuru huteremka kutoka nyanda za juu za Mau, hupita Kedowa, nchi ya viazi na kabichi, kisha huingia taratibu katika mashamba ya chai, na kilomita 8 hivi kabla ya mji wa Kericho hufika Chagaik, mahali penye bwawa na bustani ya miti. Bustani ya miti ni eneo ambamo miti ya aina nyingi hukusanywa na kupandwa kwa makusudi ili itazamwe na kulinganishwa. Nayo ni tofauti na msitu, unaojiotea wenyewe, na tofauti pia na shamba la miti, ambalo hupandwa mti wa aina moja kwa ajili ya shoka. Bustani ya Chagaik ilianzishwa katika miaka ya 1940 na mlowezi mkulima wa chai aliyeitwa Grumbley, na kwa kawaida historia yake huanzia hapo. Huko ni kuanza katikati ya safari, kwa kuwa nchi hii ilikuwa na njia zake, na miti yenye heshima yake, kabla mche wa kwanza wa chai haujatiwa ardhini.

Wakipsigis, ambao watawala wa kikoloni waliwaita Walumbwa, walipitisha ng'ombe katika vilima hivi kuelekea malishoni, mitoni na penye udongo wa chumvi wa kulambwa. Mti kwao haukuwa pambo. Nje ya nyumba palisimamishwa mabwaita, yaani madhabahu ya nguzo na matawi ya miti iliyochaguliwa, ambapo jamaa walimwomba Asis, Mungu anayehusishwa na jua. Na ibada ya watu wengi kwa pamoja ilifanyika mahali palipoitwa kapkoros. Kwa maana hiyo, desturi ya kutenga miti isiguswe ovyo, na ya kwenda penye miti kwa utulivu wa moyo, ni ya zamani kuliko bustani yoyote ya kizungu katika eneo hili, na inastahili kutajwa kwanza.

Reli ilibadilisha hesabu ya miti. Ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, baada ya kuvuka Mau na kuteremka kupitia Londiani na Kedowa, ilileta vichwa vya treni vilivyokula kuni kwa wingi. Hata Bustani ya Miti ya Nairobi, ambayo leo ni mahali pa mapumziko, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingekua upesi na kulisha injini hizo. Kwa hiyo mkaratusi, mti wenye asili ya Australia ambao mpita njia wa Kericho huuona kila upande, haukuletwa kwa ajili ya kivuli. Uliletwa kwa ajili ya moto, na viwanda vya chai vinaendelea kuutumia kama kuni za kukaushia majani.

Chai yenyewe ilichelewa. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza ardhi kubwa karibu na Kericho ili walime kitani, mmea wa nyuzi, lakini bei ya zao hilo ilianguka na mpango ukasambaratika katika miaka michache. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa, miongoni mwao Brooke Bond, zilianza kupanda chai, na mvua ya karibu kila mwezi ikazipa mavuno yasiyokatika, ijapokuwa mawingu hayohayo huangusha mvua ya mawe kwa wingi unaopatikana mahali pachache sana duniani.

Mchai ni mti. Ukiachwa bila kupogolewa, yaani bila kukatwa matawi, hurefuka mita kadhaa na kuwa na shina la kukumbatiwa. Bali shambani hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na kati ya mapogoo mchumaji hulaza fito juu ya kichaka, akachuma majani mawili na chipukizi vinavyojitokeza juu ya fito, hata shamba zima likawa bapa kama meza. Hapo ndipo thamani ya Chagaik inapoonekana. Kando ya maji, penye mianzi na mayungiyungi, miti imeachwa ifikie kimo chake, na mbega, kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe, anaishi juu ya vilele vyake. Mbega hula majani ya miti na hushuka chini kwa nadra. Meza ya chai, hata ikiwa kijani kiasi gani, haina tawi la kumbeba.

Hata hivyo, uhuru wa kutembea penye uzuri huu haukuwa wa wote. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na habari za ajira yake, iliyotiwa katika kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na akikutwa hana aliadhibiwa. Wafanyakazi walioletwa kutoka Kisii na sehemu nyingine za Nyanza waliishi katika kambi za mashamba, na mwendo wao ulikuwa kati ya nyumba, mstari wa chai na mizani ya kupimia majani. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ili kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho walioitwa orkoik, hadi Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, mahali palipojaa malaria na mbung'o. Waliokuwa wakienda watakako katika nchi yao walitembezwa kwa amri, na takriban miaka kumi baadaye bustani ikaanza kupandwa kwa starehe ya matembezi.

Kericho imeongeza vivutio vingine, kama vile Hoteli ya Chai iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950, hekalu la Masingasinga linalohusishwa na Puran Singh, aliyeishi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza, na kanisa kuu la Moyo Mtakatifu lililofunguliwa mwaka 2015. Lakini hakuna kinachobeba tabaka nyingi za historia kama Chagaik, ambako familia hutandika leso nyasini mwisho wa juma, na watoto hukimbia hadi ukingoni mwa maji. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, kuhusu ardhi iliyochukuliwa na watu waliofukuzwa. Ardhi inayozungumziwa ni ya mashamba haya ya chai, ambayo mtembezi wa Chagaik huyaona mara tu njia inapotoka kivulini.