HOMA YA MAPAFU YA NG'OMBE NA AKIBA ZETU

Katika kitabu hiki cha miaka kumi, wenzetu wameandika juu ya hisa, mikopo na faida. Sisi tumepewa kazi ya kuandika historia ya ugonjwa wa mifugo. Msomaji asishangae. Hapa Idodi, kabla hatujawa na sanduku la kikundi, benki ya mama ilikuwa zizini. Ada ya shule ilitoka huko, na matibabu vilevile. Ugonjwa ukiingia zizini, akiba imekwenda.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya mapafu ya ng'ombe. Huletwa na bakteria aitwaye mikoplazma, ambaye Nocard na Roux wa Ufaransa walimwotesha maabara mwaka 1898. Ng'ombe huambukizana kwa pumzi wakisongamana zizini, mnadani au kwenye maji. Ubaya wake ni ukimya. Wiki tatu hadi miezi kadhaa zaweza kupita ndipo mnyama aanze kukohoa, kunyoosha shingo, kutanua miguu ya mbele na kupumua kwa kuguna. Akichinjwa, pafu, mara nyingi moja tu, huonekana limekakamaa na lina mabaka kama marumaru, na kifua kimejaa maji ya manjano. Binadamu haambukizwi, wala nguruwe.

Nchi yetu ilikwisha kuushinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hapa hapa Tanganyika, ilipatikana aina ya kijidudu hicho isiyo kali. Ikapitishwa mara 44 katika mayai ya kuku yenye vifaranga, ikatoka chanjo ya T1/44, ambayo hadi leo inatumika Afrika. Kwa chanjo, karantini na kuchinja, ugonjwa ukatokomezwa mwaka 1964.

Lakini mwaka 1990 ukarudi, ukiingilia kaskazini, mpakani na Kenya. Ukashuka pamoja na ng'ombe wa biashara na wa wahamaji, na katikati ya miaka ya 1990 ukawa umefika Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Mbeya. Majirani zetu wa Zambia na Malawi nao wakawa na hofu. Tarafa yetu iko njiani, kandokando ya Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe wa Mhehe, Mgogo, Mmaasai na Mbarabaig hukutana kwenye maji yale yale. Hakuna anayeuliza jirani katoka wapi.

Wazee huuliza: mbona sotoka imekwisha? Kweli, mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote. Lakini chanjo ya sotoka ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Hii ya homa ya mapafu hukinga kama mwaka mmoja tu, basi inabidi kurudia. Tena mnyama aliyepona huweza kubaki na donda lililofungika ndani ya pafu, lenye vijidudu hai. Kwa macho ni mzima, mnadani anapata bei nzuri, na huko aendako anapeleka msiba.

Botswana ilipoingiliwa mwaka 1995, iliua ng'ombe wapatao 320,000 wa Ngamiland, ugonjwa ukaisha. Lakini serikali yake ililipa fidia. Mama mwenye ng'ombe wawili, asiye na ahadi ya fidia, akisikia kikohozi zizini atasema nini? Atanyamaza, au atauza usiku.

Wenzetu wafugao nguruwe nao wasikilize. Uswisi ilianza mwaka 1996 kufuta homa ya mapafu ya nguruwe, iletwayo na mikoplazma wa aina nyingine, eneo baada ya eneo. Walichinja nguruwe na kufuatilia kwa vipimo. Zizi moja likifichwa, la jirani huugua tena. Kazi ya namna hii haifanywi na mtu mmoja.

Ndiyo maana jambo hili tulilibishania sana kikundini. Wengine walisema, "Ukimwita bwana mifugo umejifungia mnada mwenyewe." Wengine wakajibu, "Ukificha, unaua ng'ombe wa dhamana zetu sote." Mwisho tulikubaliana hivi. Hatutoi mkopo wa kununua ng'ombe bila kibali cha kumsafirisha. Ng'ombe mgeni akae peke yake miezi miwili kabla ya kuchanganywa na wengine. Siku ya chanjo, kila mwanachama apeleke mifugo yake yote, siyo nusu. Na mwanachama atakayetoa taarifa, kisha zizi lake likafungwa kwa karantini, aongezewe muda wa marejesho bila faini.

Hilo la mwisho ndilo lililochukua vikao vingi, kwa kuwa linagusa fedha ya wote. Hata hivyo tuliona ni nafuu kungoja marejesho ya mmoja kuliko kupoteza mazizi ya thelathini. Kwa vile fidia haipo, sisi kwa sisi tumepunguza bei ya kusema kweli.