Nyumba ya Mlowezi Chini ya Milima ya Ngong

Nje kidogo ya katikati ya jiji la Nairobi, mahali paitwapo Karen, ipo nyumba ya mawe ambayo tangu mwaka 1986 ni makumbusho ya taifa. Ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Sweden. Kisha ikawa makao ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, aliyeendesha shamba la kahawa hapo hadi mwaka 1931. Serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi kwa Kenya huru.

Mgeni huonyeshwa samani, vitabu na mitambo ya kahawa. Lakini shamba halikuwa nyumba. Lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na kahawa ilichukua 600 tu. Kiasi cha ekari 1,000 kilikaliwa na Wakikuyu walioitwa maskwota, yaani watu waliohesabiwa kuwa wapangaji katika ardhi ambayo wengi wao walizaliwa juu yake. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nusu ya mwaka, basi, ndiyo iliyokuwa kodi ya kulala nyumbani.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Bibi Blixen aliongoza magari ya ng'ombe yaliyopeleka mahitaji ya jeshi la Kiingereza upande wa mpaka wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Habari hiyo imesimuliwa sana. Wapagazi wa Kiafrika, waliobeba risasi na unga wa majeshi hayo kwa vichwa vyao, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Na jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Nairobi na Dar es Salaam pia. Kila askari ajua jeshi haliendi bila mpagazi.

Shamba lilifilisika, likauzwa, na maskwota wakaamriwa kuhama. Kununua ardhi ile sheria haikuwaruhusu. Waliomba jambo moja: wasitawanywe. Bibi Blixen, na hapa anastahili haki yake, alizunguka ofisi za serikali kuwatetea, hata wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti wakae pamoja. Ardhi waliyoiacha ilikatwa viwanja vya nyumba, na ndiyo Karen ya leo.