5918: Mlima Gelai wenye magurudumu

Wiki hii naweka kando mambo ya seva na hifadhidata ili niongee juu ya mashine nyingine kabisa, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za uhandisi zilizowahi kupita katika nchi hii. Ni injini ya mvuke ya treni, iko katika makumbusho ya reli pale Nairobi, na nambari yake ni 5918.

Tuanze na nambari yenyewe, maana sisi watu wa tarakilishi hatuwezi kuona nambari bila kuuliza imetungwaje. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na mpango safi: tarakimu mbili za kwanza ni aina ya injini, mbili za mwisho ni nafasi yake katika aina hiyo. Kwa hivyo 5918 ni ya 18 katika aina ya 59. Zilikuwa 34 kwa jumla, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. 5901 ilikuwa Mount Kenya, 5928 Mount Kilimanjaro. Hii yetu iliangukia Mount Gelai, mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron, mahali ambapo hakuna reli. Kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi.

Na kazi hiyo haikuwa mchezo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mizigo ilirundikana bandarini Mombasa kuliko reli ilivyoweza kuibeba. Njia ilikuwa moja tu, reli nyembamba ya upana wa mita moja, inayotoka usawa wa bahari na kupanda zaidi ya mita 1,600 katika kilomita 530 hivi. Ukitaka kuvuta zaidi unahitaji injini kubwa, injini kubwa ni nzito, na reli pamoja na madaraja yana kikomo cha uzito yanaoweza kubeba kwa kila ekseli. Hapo ndipo waliponaswa.

Jibu lilikuwa limeshabuniwa na Mwingereza Herbert Garratt, aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Chukua injini mbili, ziache nafasi katikati, kisha boila moja kubwa ilalie juu ya pengo hilo kama daraja. Mbele kunakaa tangi la maji, nyuma mafuta na maji mengine. Uzito unagawanywa kwa ekseli nyingi, na kwenye kona kila injini inajipinda kivyake. Lakini utamu wenyewe uko kwenye boila: kwa kuwa chini yake hakuna magurudumu, unaweza kuinenepesha upendavyo. Ile ya 5918 ina kipenyo cha karibu mita 2.3, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayoibeba! Nikiitazama kwa mbele huwa nashangaa haikuwa ikipinduka.

Oda ilianza mwaka 1950 na injini zikaja 1955 na 1956 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock kule Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na ushee, ilichoma mafuta mazito badala ya makaa, na ilivuta treni ya tani 1,200 katika mwinuko wa asilimia 1.5. Nguvu yake ya kuvuta ilikuwa pauni 83,350. Hakuna injini yoyote ya mvuke iliyowahi kufanya kazi kwenye reli za Uingereza kwenyewe iliyofikia hapo. Wala hakuna nyingine ya mvuke ya reli ya mita moja, popote duniani, iliyoishinda kwa uzito au nguvu. Waliipaka rangi ya damu ya mzee, na wafanyakazi waliokabidhiwa injini moja kwa muda mrefu waliing'arisha shaba zake kana kwamba ni mali yao.

Jambo moja linanichekesha kama mtunzi wa programu. Wahandisi walizisanifu ziweze kubadilishwa ziende kwenye reli pana kidogo ya kusini mwa Afrika, ikiwa siku moja mitandao ingeunganishwa. Siku hiyo haikufika. Sote tumewahi kuandika msimbo wa namna hiyo.

Kulikuwa hata na mchoro wa aina ya 61, kubwa zaidi, ya tani 370 hivi. Haikujengwa kamwe. Kuanzia 1960 injini za dizeli zilikuwa zinaingia, na hapa naomba tusidanganyane kwa mapenzi ya zamani: dizeli haikuishinda 5918 kwa kuvuta. Iliishinda kwa vile ilivyohitaji watu wachache na vitu vichache kuizunguka. Injini ya mvuke inataka maji kwa maelfu ya lita, vituo vya kuyajaza, moto kuwashwa saa nyingi kabla ya safari, boila kusafishwa mara kwa mara. Dizeli unaiwasha, unaondoka. Kufikia 1980 aina yote ya 59 ilikuwa imestaafishwa. Miaka 25, basi. Kati ya zile 34 zimebaki mbili, 5918 na 5930 Mount Shengena. Nyingine zilikatwa vyuma chakavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi waliifufua 5918 ikatoa mvuke tena, jambo lisilowezekana kwa zile 32.

Ukienda kuiona, tafuta pia 6006. Hiyo ni ya aina ya 60, ambazo zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Yake ilikuwa Sir Harold MacMichael. Baada ya uhuru vibao vya magavana viling'olewa. Vya milima viliachwa.