Mbu wa Ngaramtoni na Swali Lililochelewa

Kituo cha utafiti wa viuatilifu kilichopo Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, asili yake ni Entebbe, mwaka 1945. Wengi wetu tungali tunakiita TPRI, ingawa sheria ya 2020 ilikiingiza katika TPHPA. Kwa miongo mingi kipimo kikuu kilikuwa chepesi: mpe mbu dawa, kisha hesabu waliokufa. Leo wengi hawafi, na hesabu hiyo haitwambii sababu.

Sababu mojawapo imo ndani ya seli. Protini kama Maf-S hushika DNA na kusaidia kuwasha jeni za vimeng'enya vinavyovunja sumu. Namna ya kuinasa protini ikiwa kazini ilipatikana Marekani. Mwaka 1988 Solomon, Larsen na Varshavsky walitumia fomaldehaidi (ndiyo iliyomo katika fomalini ya vyumba vya maiti) kuigandisha pale ilipo, katika seli za inzi wa matunda. DNA hukatwakatwa, kingamwili huivuta protini pamoja na kipande ilichoshika, kipande husomwa.

Fomalini tunayo hata wilayani. Kingamwili na mashine ya kusoma ndivyo vinavyogharimu, na hapo ndipo ninapowataka wapangaji wa bajeti watazame: vyandarua vyenye dawa hushonwa Arusha, mbu ni wetu, ilhali jibu tunalisubiri kutoka ng'ambo.